Mtunzi na Mtunzaji: Hadhira ya Taarab na Ugomvi wa Usasa

Wahakiki wetu wanapoishika taarab huishika kwa karatasi. Huandika maneno ya wimbo, huhesabu mizani, hutazama vina vya kati na vya mwisho, kisha hutoa hukumu: huu una fumbo, ule ni matusi matupu. Mie sina ugomvi na karatasi. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji. Kama taarab ni fasihi simulizi, na hivyo ndivyo tunavyofundishwa darasani, hadhira yake imekwenda wapi katika uhakiki wetu? M. M. Mulokozi, katika makala yake iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, aliitaja hadhira pamoja na tukio, mahali na wakati, sambamba na fanani na fani yenyewe inayotendwa. Mambo hayo sita tunayakariri kwa ajili ya mtihani, na tukishafaulu tunarudi kwenye vina.

Makala haya yanadai jambo moja. Ugomvi wa taarab ya kisasa, uliowagawa wapenzi wa muziki huu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, tumeuhakiki kwa upogo kwa sababu tumelitazama jukwaa peke yake. Mabadiliko makubwa zaidi yako chini ya jukwaa: kwenye viti, kwenye njia ya katikati ya viti, na katika mkono ulioshika noti. Mifano yangu mingi naitoa Mwanakwerekwe, kwa sababu huko ndiko ninakoishi na ndiko ninakohudhuria, na pia kwa sababu tukisema taarab ya Unguja fikra zetu hukimbilia Mji Mkongwe, kana kwamba wapenzi wa taarab wote wanalala Malindi na Vuga.

Historia tuipitie upesi, maana inajulikana. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Akhwani Safaa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliitoa taarab katika Kiarabu na kuitia katika Kiswahili cha watu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Zikafuata klabu za wanawake, kama Nuru l-Uyun na Sahib el-Arry, zilizokuwa zikishindana kwa nyimbo na kwa mavazi. Mwaka 1958 kikaanza kikundi ambacho leo tunakiita Culture, yaani Mila na Utamaduni.

Sasa tuje kwenye viti. Taarab asilia ina mpango wake wa ukaaji. Wapigaji wamekaa kwa safu, kanuni mbele, fidla zimejipanga, akodiani, udi, chelo na dabl besi, dumbaki na rika pembeni. Usiku hufunguliwa kwa bashraf, ambayo ni ala tupu bila maneno. Wageni wengi hudhani bashraf ni ya kuwapa watu nafasi ya kuingia na kukaa. Kwa kiasi fulani ndivyo, lakini ina kazi nyingine: ndio wakati hadhira inapohesabiana. Nani kaja, kaja na nani, kavaa nini, kakaa karibu na nani, na nani mwaka jana alikaa naye na leo amemwacha viti vitatu. Ukiwa mgeni utasikia muziki. Mwenyewe wa pale anasoma orodha.

Halafu mwimbaji anasimama, na ubeti wa kwanza unapita kimya kimya. Katika ubeti wa pili, au kwenye kiitikio, mtu anainuka. Hakimbii. Anatembea kwa mwendo wa ngoma ile, noti mkononi, mkono umeinuliwa kidogo ili ionekane. Anafika, anatunza, anageuka. Hapo anapogeuka ndipo mhakiki anapopaswa kufungua daftari, maana ataelekeza uso mahali fulani na ukumbi mzima utajua ni wapi. Wimbo ulitungwa na mtu ambaye huenda alifariki zamani, juu ya kipenzi kisichojulikana, na dakika ile umekuwa wimbo wa mwanamke huyu, juu ya mwanamke yule, katika usiku huu. Mtunzi hutoka katika kutunga, mtunzaji katika kutunza. Lugha yetu imeyaweka maneno haya mawili jirani mno, na sidhani kama ni kosa kusema kwamba wa pili anaumaliza wimbo ulioanzwa na wa kwanza.

Kanuni moja ya kutunza haiandikwi popote na wote wanaijua: hutembei peke yako. Ukiinuka, shoga yako anainuka. (Neno shoga siku hizi limetekwa na maana nyingine, hapa nalitumia kwa maana ile waliyoitumia bibi zetu, yaani rafiki wa kike wa mwanamke.) Anaweza kutunza naye au asitunze, anaweza kuja na kanga tu begani. Lakini anakuja. Kuja kwake kunasema: nakijua kisa chake, na niko upande wake. Na shoga akibaki kitini, hata akiwa anatabasamu, hata akipiga makofi, amesema jambo kubwa kuliko ubeti wowote. Ninavyoona mie, huo ndio usemaji wa hadhira ya taarab, nao una sarufi yake kama ushairi ulivyo na arudhi.

Urafiki wa namna hii haukutoka hewani. Mtu wa Mwanakwerekwe anayetaka kwenda Vuga usiku ana shida ambayo mtu wa Malindi haijui: kurudi. Daladala hazimngojei mtu mpaka bashraf ianze na wimbo wa mwisho uishe. Kwa hiyo wanawake hujikusanya, hula kikoa, hukodi gari moja, na dereva hungoja nje amelala juu ya usukani. Aliyekosa fedha mwezi huu huchangiwa, na mwezi ujao huchangia mwingine. Kutokana na gari hutoka sare, kutokana na sare hutoka mchezo wa fedha, kutokana na mchezo hutoka kuuguzana na kuzikana. Wapo wanawake Mwanakwerekwe ambao walikutana kwa ajili ya taarab na sasa ni kama watoto wa baba mmoja. Wakirudi saa nane za usiku, mle garini, huwa wanafanya kazi ambayo sisi chuoni tunaiita uhakiki: nani aliimba vizuri, fidla ya pili ilikwenda kombo wapi, na kwa nini bibi fulani alitunza ubeti ule badala ya huu. Mie nimejifunza mengi juu ya kiitikio katika gari lile kuliko katika mihadhara, na wahadhiri wangu wanisamehe.

Basi mwaka 1992 likaanza East African Melody, na mambo yakabadilika. Kinanda cha umeme kikameza fidla na kanuni, gitaa likaingia, mdundo ukakazwa. Bara nako, Tanzania One Theatre na Muungano wakawa wanashindana kwa mipasho. Khadija Kopa, aliyetoka Culture hapa Unguja, upande mmoja, na Nasma Khamis upande mwingine. Jina la mtindo likawa rusha roho. Baadaye tukapata Zanzibar Stars, kisha Jahazi la Mzee Yusuf, na sikukuu za Idi zikawa ni Bwawani, Salama Hall, mpaka mtu hana pa kuweka mguu. Wazee wa taarab asilia wakasema: hii si taarab, hii ni disko iliyovaa buibui. Vijana wakajibu: ile yenu ni ya kulalia.

Hoja ya wazee ina matawi mawili. La kwanza, kwamba taarab haichezwi. La pili, kwamba taarab haitaji mtu waziwazi. Taarab ni fumbo. Yote mawili yamerudiwa katika tasnifu na makongamano, na yote mawili yana walakini.

Taarab haichezwi? Na kidumbaki je? Kabla ya Melody kuzaliwa, katika harusi za Ng'ambo na mashamba, nyimbo zilezile za klabu zilipigwa kwa fidla moja, sanduku la chai lililogeuzwa besi, na ngoma ndogo mbili, na wanawake wakacheza mpaka alfajiri. Waliopiga mara nyingi walikuwa wapigaji walewale wa klabu, waliovua suti. Kwa hiyo jambo jipya katika rusha roho si kucheza. Jambo jipya ni kwamba yaliyokuwa uani yameletwa ukumbini, yakawekewa tiketi na spika kubwa. Anayesema Melody waliingiza kiuno katika taarab anazungumzia taarab ya sebuleni tu, na sebule haikuwa nyumba nzima.

Ama fumbo, nalo tulitazame kwa haki. Siti binti Saad, ambaye wote tunamtaja kama kilele, aliimba juu ya Kijiti kwa jina lake: mwanamke mgeni aliuawa, mtuhumiwa akatoroka Unguja, na wanawake wenzake waliofuatana na marehemu ndio walioachwa na lawama. Hapo hapakuwa na ua wala ndege wala tausi. Palikuwa na mtu, jinai na mahakama. Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad alituachia picha ya mwanamke mpole mwenye adabu, na adabu hiyo tumeigeuza sheria ya utanzu, tukasahau kwamba mwanamke yule aliimba habari za mji.

Hata hivyo siwezi kuwapa vijana ushindi wote. Iko tofauti, nayo ni nzito. Wimbo wa Kijiti ulikuwa na adui aliyetenda. Nyimbo nyingi za rusha roho zina adui aliyetengenezwa: jirani, mke mwenza, rafiki mwenye wivu, anayesemwa kwa "wewe" tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Fumbo la zamani liliacha mlango wa nyuma. Ukimtunzia mtu na mambo yakawa mabaya, kesho unaweza kusema, "Lo, mie nilipenda sauti tu!" na mwenzio, akitaka, anaweza kukuamini. Mlango ule ulikuwa na faida kubwa kwa watu ambao watakutana kesho sokoni, kesho kutwa msibani, na wiki ijayo katika gari moja. Rusha roho imeufunga mlango. Wimbo ukishasema "jirani", na jirani yako yuko pale, na wewe umeinuka na elfu kumi, sauti gani uliipenda?

Wenzetu wanaosoma fasihi za Ulaya watasema ugomvi huu si wa kwetu pekee. Ni kweli. Mwaka 1976 huko Bayreuth, Ujerumani, Patrice Chéreau alipoiweka jukwaani upya opera ya Wagner ya Der Ring des Nibelungen, akawavisha miungu nguo za zama za viwanda na kulijenga bwawa mahali pa mto, wapenzi wa miaka mingi walizomea na kupiga filimbi. Mwaka 1980 onyesho la mwisho la mpango ule ule lilipigiwa makofi kwa zaidi ya saa nzima. Mfano huu hutumiwa sana kutuambia tuwe na subira na usasa. Mie nauona una funzo jingine. Kule mtazamaji hungoja pazia lianguke ndipo aseme, na anachokisema ni juu ya mwongozaji. Huku kwetu hukumu inatolewa wimbo ukiendelea, kwa miguu na kwa fedha, na inabadilisha wimbo wenyewe: ukitunzwa sana kiitikio hurudiwa mara tano, usipotunzwa unakatwa. Tena anayehukumiwa mara nyingi si mwimbaji. Ni mtu wa kiti cha nne.

Nitoe mfano mmoja, bila majina. Mwanakwerekwe wapo wanawake wawili waliokwenda Vuga pamoja kwa miaka mingi, katika gari moja, sare moja. Mmoja alipooza binti yake alitaka ya kisasa, binti mwenyewe ndivyo alivyotaka. Mwenzake alisema hatakuja kukaa penye spika za kupasua kifua. Alikuja, maana harusi ni harusi, akakaa chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Ukapigwa wimbo mmoja wa kumsema rafiki mnafiki. Mama wa harusi akainuka kutunza. Katika nyimbo zote zile za Vuga, alipoinuka huyu na yule aliinuka. Safari hii yule hakuinuka.

Sasa, hapo tusome. Je, alikataa wimbo, au alikataa rafiki? Kwa mujibu wa maneno yake mwenyewe, alikataa wimbo: ni wa kihuni, na yeye hatembezi miguu yake kwa wimbo wa kihuni. Kwa mujibu wa wote waliokuwa pale, alijitangaza kuwa yeye ndiye rafiki mnafiki anayeimbwa. Mama wa harusi hakuwa amemkusudia. Alikuwa na wifi yake moyoni. Lakini maneno ya wimbo yalikuwa wazi mno, hayakuacha pa kutokea, na kiti kile kikajaa maana ambayo hakuna mtunzi aliyeitunga. Hawakusemezana karibu mwaka mzima. Gari la Vuga likabaki na nafasi mbili, kwa kuwa kila mmoja alikataa kwenda asije akamkuta mwenziwe.

Kwa mhakiki wa karatasi kisa hiki ni umbea. Kwangu ni ushahidi wa tofauti ya kifani baina ya mitindo miwili. Katika wimbo wa zamani, kubaki kitini kungekuwa na tafsiri nne au tano, na mojawapo ingekuwa uchovu. Katika wimbo huu tafsiri ilikuwa moja. Tukisema rusha roho imepoteza fumbo, tusilalamike kwa niaba ya ushairi tu, maana ushairi unaweza kujitetea. Fumbo lilikuwa linawatunza watu wanaoukaa ule ukumbi.

Aidha, hadhira si mjinga wa kubebwa na wimbo. Nimeona pia hila yake. Wanawake wawili wanaogombana husikia wimbo mmoja wa mipasho, na wote wawili wanainuka kuutunza. Kila mmoja anaufanya wake, kila mmoja anamgeuzia mwenziwe uso. Noti zinapanda, mwimbaji anashukuru Mungu, na mwisho watu wanaanza kucheka, nao wenyewe wanaanza kucheka. Wimbo usio na mlango wa nyuma umetobolewa dirisha. Hila hii haimo katika maneno, wala katika muziki, wala katika kaseti utakayoipeleka maktaba.

Tena sasa pamekuja jambo ambalo wazee na vijana wa mwaka 1992 hawakulitarajia: bendi imeondoka. Harusi nyingi za mitaani leo hazina mwimbaji. Pana kijana mmoja, spika mbili na flashi yenye nyimbo mia. Ungedhani kutunza kungekufa, maana unamtunza nani? Hakukufa. Wanatunzana wao kwa wao: noti huwekwa juu ya kichwa cha anayecheza, huingizwa katika mkono wa mama wa harusi, hupachikwa kwenye kilemba. Jambo hili linanithibitishia dai langu kuliko hoja yoyote. Fanani ametoka, na tukio limeendelea. Lakini nalo nalilaumu kwa kitu kimoja. Mashine haimwoni anayeinuka. Mwimbaji hai akimwona mama mtu mzima yuko nusu ya njia huurudisha ubeti mpaka afike. Flashi inamaliza wimbo na kumwacha katikati ya viti, noti mkononi.

Mwaka 2020 ilitoka albamu ya Siti of Unguja, ambamo Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, anaimba nyimbo za bibi yake pamoja na Mohamed Issa Matona na mtayarishaji Sam Jones. Ni kazi nzuri, na sauti ya yule dada ina chumvi inayostahili jina lake. Wapo waliokasirika kwa sauti za studio zilizopitishwa chini ya udi. Mie sizioni kuwa dhambi. Ninachouliza ni kama yupo anayeweza kuinuka katika nyimbo zile. Nilizisikiliza uani Mwanakwerekwe pamoja na wanawake wa lile gari, waliobaki. Walisikiliza kwa heshima. Mmoja akasema, "Nzuri, lakini hainipi njia." Nikamwomba anifafanulie. Akasema pale baada ya ubeti, ambapo fidla huzunguka ili mtu apate kutembea, hapa imejazwa vitu; mtu ataanzia wapi?

Nakala ya wimbo ikiandikwa kwa ajili ya idara yetu, basi iandikwe na njia hiyo: ubeti huu, fidla zinazunguka mara nne, ameinuka wa safu ya tatu, amefuatwa na mmoja, mwingine amebaki.